Siku Alizoandika Kishiwa

Nyumba ya Kishiwa na nyumba ya Scolastica zilitazamana, nje kidogo ya mji wa Kimamba, mahali ambapo zamani palilimwa mkonge. Njia ya kwenda bombani ilipita mbele ya mlango wa Scolastica. Kishiwa hakuipita. Kila asubuhi alizunguka nyuma, kwenye magugu yenye umande, akiwa na ndoo kichwani.

Hawakuwa wamegombana. Wote wawili walikuwa Wasukuma waliohamia Kilosa na waume zao, na waliamkiana kwa lugha ya kwao. Shida ilikuwa kamba ya nguo. Scolastica alikuwa na mapacha wa miaka mitatu, Kulwa na Doto, na mtoto mchanga wa miezi minne. Kamba yake ilijaa nguo ndogo ndogo kila siku. Kishiwa alikuwa na miaka sita ya ndoa, na kwenye kamba yake zilining'inia kanga zake na mashati ya mumewe, basi.

Wivu ulimla Kishiwa kama mchwa anavyokula mlango. Kwa nje rangi ipo, ndani mbao zimekwisha. Mtoto wa Scolastica akilia, Kishiwa aliziba masikio. Mtoto akinyamaza, aliumia zaidi, maana alijua ananyonya.

Ulikuwa mwaka 1996. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na mnadani palikuwa na kila kitu: redio, mitumba, sabuni za rangi zote, na watu waliouza dawa za kila ugonjwa. Kishiwa alinunua kwa siri chupa ya dawa nyeusi ya "kufungua uzazi". Muuzaji hakumwuliza hata swali moja. Alimaliza chupa tatu. Alipata kuharisha, hakupata mimba.

Mumewe, Masunga, alifanya kibarua katika shamba la miwa la mtu binafsi huko Kidodi. Alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alikaa siku nne au tano, kisha akapanda lori tena kwenda Mikumi, na kutoka hapo Kidodi.

Mwisho wa Juni alileta sweta mbili nyekundu za mtumba. Alimwambia Kishiwa awapelekee Kulwa na Doto, maana baridi ilikuwa imeanza. Kishiwa alizipokea akazisukuma chini ya kitanda. Hakuzipeleka. Siku moja alitafuta kitambaa cha kuipulia sufuria. Mkono wake ukaenda chini ya kitanda. Akaipua sufuria kwa sweta ya mtoto. Kwa kitambo kidogo moyo wake ulitulia. Kisha alijichukia.

Mwisho wa Julai Masunga alirudi, akawaona mapacha wanatetemeka kwenye ua wao. Alimwuliza mkewe kuhusu sweta. Masunga aliingia jikoni, akaiona sweta moja imejaa masizi. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kigoda akatoa jambo alilokuwa amelificha. Mama yake alikuwa ameandika barua kutoka Maswa. Alikuwa amepata msichana wa kuwa mke wa pili.

"Sijamjibu," alisema Masunga. "Lakini ukifanya mambo haya, Kishiwa, nitamjibu nini?"

Masunga aliporudi kazini, Kishiwa aliifua ile sweta mara tatu. Masizi hayakutoka yote. Alizikunja zote mbili, akapita njia ya mbele kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akabisha hodi kwa Scolastica. Alimweleza kila kitu, hata sufuria. Alingoja kufukuzwa.

Scolastica aliitazama sweta yenye doa. Kisha alimwekea mgeni wake kigoda.

"Unadhani hawa watoto walinijia tu?" aliuliza. "Nilikaa miaka mitano bila kushika mimba. Kule Magu dada yangu alipojifungua, sikwenda kumwona. Nilisema nina malaria."

Kishiwa aliona wivu hata kwa ule utasa wa Scolastica, kwa kuwa ulikuwa umekwisha.

Scolastica alimsimulia jinsi alivyokwenda kwa daktari mara ya kwanza. Alikwenda peke yake. Aliona haya, akasema tumbo linauma. Akapewa dawa ya minyoo, akarudi nyumbani na dawa ya minyoo. Mara ya pili muuguzi mmoja alimwelekeza namna ya kujiandaa, na mara hiyo daktari alipata la kufanyia kazi.

"Daktari hawezi kutibu jambo ambalo hujamwambia," alisema. "Wewe umesoma mpaka darasa la saba. Nunua daftari. Andika siku ambayo hedhi inaanza, kila mwezi. Andika na siku ambazo Masunga yuko nyumbani. Andika magonjwa yote mliyowahi kuugua, na dawa zote, hata za mnadani. Maswali yako pia yaandike, maana ukishaingia mle ndani utayasahau. Na Masunga lazima aende."

"Masunga ni mzima," alisema Kishiwa.

"Mume wangu Lazaro naye alikuwa mzima," alijibu Scolastica. "Mtoto hatafutwi na mtu mmoja. Akienda mke peke yake, daktari anaona nusu ya habari."

Kishiwa alirudi nyumbani akiwa na hasira. Angependa kufundishwa na mtu mwingine yeyote, si huyu. Lakini jioni alinunua daftari dukani. Hedhi ilikuwa imeanza tarehe ishirini na saba Julai, siku mbili kabla ya Masunga kufika. Aliandika. Ya Agosti ilianza tarehe ishirini na sita. Aliandika. Mwisho wa mwezi huo alimweleza mumewe kwamba waende hospitali wote wawili.

Masunga alikataa. Alisema mwanamume hapimwi mambo hayo, watu watamcheka. Kishiwa alimwambia kwa sauti ya chini, "Unaweza kuoa wa pili, halafu naye akakaa miaka sita. Tujue kwanza." Masunga alitoka nje. Alikwenda kwa Lazaro, mume wa Scolastica, aliyekuwa fundi baiskeli, akakaa huko mpaka jua likazama. Lazaro alimwambia kuwa yeye alipimwa, na wala hakupungua uanaume.

Kesho yake Masunga alikaa karibu na mkewe. Alimwomba afungue daftari.

"Andika kwamba niliwahi kuugua kisonono," alisema. "Huko Kidodi, kabla sijakuoa. Nilinunua vidonge kwa mtu. Maumivu yalipoacha, nikaacha kuvimeza."

Kalamu ilisimama. Kishiwa hakuwaza ugonjwa. Alimwaza mwanamke wa Kidodi ambaye hakuwahi kumwona. Alimwona mrefu, mweupe wa meno, anacheka. Alitaka kuuliza jina lake, kama bado yupo, kama ana watoto. Siku nzima hakusema na mumewe. Alilima, akapika, akamwekea chakula bila neno.

Jioni alilichukua daftari. Wivu ule ungeweza kumfanya aichane karatasi. Badala yake aliandika kwa mkono wake mwenyewe: Mume, kisonono, mwaka 1988, hakumaliza dawa. Kisha aliandika chini yake: Mke, dawa ya chupa ya mnadani, chupa tatu. Akamsomea Masunga zote mbili. Masunga hakujua habari za chupa. Wakatazamana, kila mmoja na siri yake imekwisha.

Mwanzoni mwa Oktoba walikwenda hospitali ya Kilosa. Daktari aliitwa Lupakisyo, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Walimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Aliuliza shida yao ni nini. Karibu Kishiwa aseme tumbo linauma. Alifungua daftari, akasoma.

Alisoma mpaka mwisho. Daktari hakucheka wala hakumkemea mtu. Alisema wenzi wakikaa mwaka mzima pamoja bila mimba, huo ndio wakati wa kwenda hospitali, wala hakuna haja ya kungoja miaka sita. Alimsifu Masunga kwa kuja. Kisha alichukua daftari, akatazama tarehe kwa muda mrefu.

"Mama, siku zako zinaanza kila mwisho wa mwezi," alisema. "Mzee, wewe unafika kila mwisho wa mwezi. Mnakutana wakati ambao yai halipo."

Aliwaeleza taratibu. Kwa mwanamke anayepata hedhi kila baada ya siku thelathini kama Kishiwa, yai hutoka katikati, siku kama kumi na nne kabla ya hedhi inayofuata. Siku chache kabla yake, na siku yenyewe, ndizo siku za kupata mimba. Siku hizo zote Masunga alikuwa Kidodi akipalilia miwa.

Lakini daktari hakuishia hapo. Aliagiza wapimwe wote wawili, damu na mkojo. Mbegu za Masunga zilitazamwa kwa hadubini, ile mashine inayokuza vitu vidogo. Mbegu zilikuwepo za kutosha. Lakini wote wawili walikutwa na uambukizo kwenye njia za uzazi. Walipewa dawa kwa pamoja, wakaambiwa wamalize dozi hata wakijisikia vizuri, na wasikutane kimwili mpaka dozi iishe. Dawa za chupa Kishiwa aziache.

Kishiwa aliuliza maswali yake moja moja kutoka kwenye karatasi. La mwisho lilikuwa: Je, nitazaa?

"Siwezi kukuahidi," alisema daktari. "Uambukizo wa muda mrefu huweza kuziba mirija ya uzazi. Jaribuni. Mkiona miezi sita imepita, rudini, niwaandikie kwenda Morogoro mpimwe zaidi."

Njiani Masunga alisema ataacha Kidodi. Alipata kibarua katika shamba la mbegu la serikali huko Kilangali. Malipo yalikuwa madogo, lakini kila jioni alirudi nyumbani kwa baiskeli. Alimwandikia mama yake kwamba hataki mke mwingine, kwamba wako kwenye matibabu, wote wawili.

Haikuwa rahisi. Hedhi ilikuja Novemba. Ikaja Desemba, ikaja Januari. Februari Scolastica alimwita Kishiwa amshikie mtoto wakati akisonga ugali. Mtoto alikuwa mzito na wa moto. Kishiwa alisikia yule mchwa akitafuna tena. Akamwambia Scolastica wazi, "Leo nakuonea wivu." Scolastica alisema anajua, akaendelea kusonga. Kishiwa hakumrudisha mtoto mpaka ugali ulipoiva.

Walikuwa wameanza kuzungumza juu ya safari ya Morogoro, Aprili, siku yake ilipopita bila hedhi. Kishiwa alingoja wiki mbili kabla ya kumwambia yeyote. Kisha alikwenda kupimwa, akaambiwa ana mimba. Alianza kliniki mapema, wala hakukosa tarehe hata moja.

Alijifungua Desemba, mtoto wa kike. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa mno, mito ilifurika hata reli ikakatika. Wakamwita Mbula, yaani mvua kwa Kisukuma.

Njia ya reli ilipotengemaa, mama mkwe alifika kutoka Maswa. Alikuwa mzee, amechoka na safari, na hakutaja barua yoyote. Alinawa mikono. Kisha alisema mjukuu atalala kwake usiku huo, Kishiwa ataamshwa wakati wa kunyonyesha tu.

Kishiwa alimkumbatia Mbula akakaza mikono. Wivu ulikuwa umempanda, mkali kuliko wote. Masunga alimtazama. Kishiwa akajishtukia, akaanza kucheka peke yake.

"Haya, mama," alisema. "Mshike shingo vizuri."

Akampa.