Mugomba Uliokuja na Udongo

"Dolari makumi nane sikupi," nilimwambia Védaste langoni kwangu, "mpaka useme udongo huu uliuchimba wapi."

"Papa Gentil, usinizungushe. Uliomba kamio moya, nikamwanga kamio moya. Udongo ni udongo. Lipa ile ilibakia, niende."

"Uliuchimba wapi?"

"Huko. Njia ya Rumangabo." Akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

Huko ni nusu ya dunia. Na mimi si mutu wa kukimbia deni, mtaa wote wa Majengo unajua. Nikisema kesho, ni kesho. Lakini sikilizeni kwanza kilichoingia kwangu ndani ya kamio, lile lori la huyu bwana, kisha mnihukumu.

Kwetu ni mawe ya volkano matupu. Ukitaka hata kitunguu kimoja kimee, nunua kwanza udongo wa kukiweka. Siku za kazi nachomelea watu milango ya chuma. Nyumba yangu inabaki na Jumamosi, pamoja na kile kipande cha siku ya Mungu baada ya misa. Nilikuwa na ukuta wa kupiga lipu, mfereji wa maji ya mvua wa kufunga chini ya mabati, na bustani ya mboga za lengalenga niliyomwahidi Ernestine, muke wangu, nyuma ya jikoni. Kila kazi iliita ndoo ambayo kazi nyingine ilikuwa imeishika. Ukipanda ngazi, sementi inakauka. Ukishuka kwenye sementi, mvua inanyesha. Jumamosi ya kwanza tulitandaza udongo wa Védaste, mweusi, mzuri, nikalala mgongo unauma lakini roho imetulia.

Jumamosi iliyofuata, mugomba mdogo ulikuwa umechomoza pale pale nilipotaka kuweka pipa la maji. Ukubwa wa kidole gumba. Nikaukata kwa panga, nikapanda ngazi kuendelea na mfereji.

Mutoto wetu Gentil, mwenye miaka minne, akaja ameshika tumbo. Kitovu chake kilikuwa kimelowa damu.

Tukasema amejikwaruza.

Kesho yake, tulipotoka misa, ule mugomba ulinifikia magotini. Nikakasirika. Nilidhani jirani ananichezea, nikamrushia maneno juu ya ukuta ambayo padri asingependa kuyasikia. Kisha nikaukata tena, chini kabisa. Panga halijatoka shinani, nikamsikia Ernestine jikoni akiita jina la mutoto.

Shati lote lilikuwa jekundu.

Kwenye dispensari muuguzi alimpangusa, akatafuta kidonda. Hakuna. Kitovu chenyewe ndicho kilichofunguka, kibichi. Akanitazama kama mutu anayedanganywa.

"Papa, mutoto huyu alizaliwa wiki hii?"

Mwenye akili angesimama hapo. Lakini lipu ilikuwa nusu, mfereji unaning'inia, na kila ninachojua nilijifundisha mwenyewe. Kushindwa na mmea sikujifundisha. Jumamosi ulikuwa umechomoza tena, sikuukata. Nilichanganya sementi ya ukuta, nikaumwagia juu, nikailainisha kwa mwiko. Kazi safi.

Sijaosha mwiko, Gentil akaanguka mlangoni. Tumbo lake lilikuwa gumu. Baridi. Nikaligonga kwa kidole. Likatoa sauti ya ukuta.

Nikakimbilia nyundo, nikaivunja ile sementi. Chini yake mugomba ulikuwa umejikunja, mweupe, kama mutoto aliye tumboni. Ulipopata hewa, nyuma yangu Gentil akavuta pumzi.

Ernestine akapiga magoti kando yake. Hakuugusa. Akanong'ona:

"Kwetu Butembo, mama anazika kitovu cha mutoto chini ya mugomba. Ule mugomba ni wa mutoto. Hakuna mutu anaukata."

"Mutoto gani?"

"Wa mwenye shamba la udongo huu, Papa Gentil. Mama yake anamutafuta. Udongo ulikuja huku, na ule mama akafuata."

Siku ya Mungu asubuhi, mugomba ulikuwa umefungwa kitambaa. Kipande cha kitenge, buluu, chenye ndege wa manjano. Nilimuuliza Ernestine. Alidhani ni mimi. Kando ya mugomba kulikuwa na nyayo za mwanamke, miguu mitupu, zikizunguka pale pale. Hazikutoka mahali. Hazikwenda mahali.

Tukamvua Gentil tumuogeshe. Tumboni kwake, kitenge kile kile. Fundo liko mgongoni, limekazwa vizuri, kazi ya mikono iliyozoea watoto.

"Nani alikufunga?"

"Mama."

"Mama ni huyu hapa, Gentil."

"Mama ule mwingine. Anasema mvua ikiisha tunarudia kwetu."

Toka siku ile mwiko sijaushika. Kila asubuhi mutoto ni mwepesi zaidi mkononi, na mugomba umeongeza jani. La kufanya tunalijua: udongo wote urudi, pamoja na mugomba na kilicho chini yake, mpaka kwenye shimo ulikotoka. Kamio ya kuubeba nimeikodi, iko barabarani. Na mvua imeisha, jua linawaka toka juzi. Kinachokosekana ni njia, na njia iko kinywani mwa Védaste peke yake.

Basi nilitoa zile dolari makumi nane, nikaziweka juu ya ukuta wangu wa lipu nusu.

"Hizi hapa. Sema."

Akaziangalia, akameza mate. "Shamba lilikuwa bure, Papa Gentil. Batu balikimbia vita. Hakukuwa mutu."

"Hakukuwa mutu?"

Ernestine akatoka nyumbani na mutoto mikononi. Shati la mutoto lilikuwa limepanda. Védaste akakiona kile kitenge, na mkono alioupeleka kwenye feza ukabaki hewani.

"Hiki mulikipata wapi?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kilikuja chenyewe. Unakijua?"

"Ule mama wa shamba alikuwa amekifunga." Akaanza kurudi nyuma, akiziacha feza juu ya ukuta. Pale alipokuwa amesimama, juu ya sementi kavu, palikuwa na alama za viatu vyake. Nyuma ya alama hizo, karibu kabisa, zilikuwepo nyayo mbili za udongo mweusi. Miguu mitupu. Vidole vinamwelekea.

Nilimkamata mkono, nikamtilia feza zake mfukoni.

"Deni langu nimelipa," nikamwambia. "Sasa lako. Panda kamio, utupeleke kwenye shimo."