Simu Waliyoisifu Wote

Shati lilikuwa limetundikwa kwenye hanga, limenyooshwa likanyooka, halina mtu ndani yake. Dobi akainua simu yake mpya alipige picha, kama alivyozoea, maana wateja wake walipenda kutumiwa picha ya nguo zao kabla hawajaja kuzichukua. Kamera ikatafuta kidogo. Kile kisanduku cha njano ambacho simu za siku hizi hukichora kwenye uso wa mtu kikatokea juu ya kola, pale pale ambapo kichwa kingekaa kama shati lingekuwa na mwenyewe.

Akashusha simu. Akainua tena. Kisanduku kikarudi, kikatulia, kisha kikayumba kidogo, kama mtu aliyechoka kusimama akahamishia uzito mguu wa pili.

"Kamera ina makengeza hii," akasema kwa sauti, akacheka peke yake. Ilikuwa asubuhi nzuri, jua limejaa dukani, pasi zinatoa mvuke. Nani anaogopa shati asubuhi kweupe? Lakini ile picha hakuipiga.

Sasa huyu dobi mjueni vizuri, msije mkadhani jini ndiye mwenye kosa lote. Ukoo mzima walimwita Sidanganyiki. Jina alijipa mwenyewe, na watu wakaliacha limkae kwa kuwa alikuwa na kipaji kimoja cha kuudhi: hakuna aliyenunua simu bila kumuuliza, na aliyethubutu alichekwa mpaka akaitamani ile ya zamani. Huku akinyoosha suruali za watu, aliwatazama wachambuzi wa simu mtandaoni, yule anayezizamisha kwenye ndoo ya maji, yule anayezikwaruza kwa kisu, yule anayeongea haraka kama anadaiwa. Wote aliwatazama, na wote hakuwaamini. "Hao wanapewa bure," alisema. "Siri ya mtungi aijuaye kata. Soma maoni ya wenye nazo."

Mkewe alitaka wanunue kama ile ya jirani yao, inayokaa na chaji. Sidanganyiki aliicheka mbele ya shemeji yake, yaani mdogo wa mkewe, akaicheka kwa mifano, mpaka mkewe akainuka akaenda jikoni bila sababu. Yeye alikuwa ameshagundua simu ya kampuni isiyotajwa sana. Wachambuzi walisema ni ya kawaida tu, ila walioinunua waliisifu ajabu, mamia kwa mamia. "Nzuri sana, nunueni." "Mwambie umpendaye anunue." "Sina la kusema ila nunueni." Wahenga walishasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mjuaji methali huwasomea wenzake. Kati ya wote hao, mmoja tu ndiye aliyekataa. Aliandika: "Usinunue. Niulize kwa nini."

"Huyu katumwa kuharibu biashara ya watu," Sidanganyiki akamwambia mkewe, na simu ikanunuliwa.

Baada ya lile shati, kisanduku kikaanza kuziacha nguo. Kikaonekana kando ya meza ya kunyooshea, kwenye hewa tupu, kimo cha mtu mzima. Harufu ya nywele zilizoungua ikaingia dukani. Akazikagua pasi, zote baridi, na umeme wenyewe ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mteja wake mmoja, mwalimu, aliyekuwa ametumiwa ujumbe wa sauti kuhusu suruali zake, akajibu kwa maandishi: "Fundi, huyo anayemeza mate nyuma yako ni nani?" Sidanganyiki akausikiliza ule ujumbe. Baina ya "suruali zako" na "ziko tayari" kulikuwa na mtu anameza mate taratibu, karibu kabisa na kipaza sauti, kuliko hata yeye msemaji.

Siku ile alifunga duka mapema. Magharibi ilipoingia, mkewe alikuwa amekaa sebuleni akishona kifungo, taa haijawashwa bado, na Sidanganyiki akainua simu, moyo ukimwambia asiinue na mkono ukiinua, akaona kisanduku kimoja kwenye uso wa mkewe, ambacho ni haki yake, na kingine mlangoni, halafu si mlangoni tena bali kwenye kiti kitupu, halafu mbele ya kiti, kila akipepesa macho kimesogea, na hakikumwendea mkewe, kilimjia yeye, kikikua na kukua kama uso wa mtu anayeinama kukunong'oneza jambo, mpaka kikajaza kioo chote kutoka ukingo hadi ukingo, na hapo hapo pumzi yenye joto la pasi ikampata sikioni, na kitu kizito, kitulivu, kisicho na haraka yoyote, kikamkalia kifuani.

"Una nini?" mkewe akauliza kwa sauti ya chini. "Mbona unatoka jasho?"

"Hakuna. Najaribu kamera."

"Ina tatizo?"

Nafasi ya kusema ilikuwa wazi hapo. Angesema, wangelia pamoja, wangeamka asubuhi wakatafute msaada. Lakini alikumbuka alivyoicheka simu ya jirani, akamkumbuka mkewe alivyoinuka kwenda jikoni.

"Tatizo? Simu hii?" akasema. "Haina mfano."

Aliona haya. Tusimtafutie neno jingine. Hofu alikuwa nayo, tena nyingi, lakini hofu peke yake ingemfanya apige kelele. Haya ndiyo iliyomziba mdomo. Simu akaizima, akaifungia kwenye kabati la dukani chini ya mashuka ya watu. Uzito haukuondoka kifuani. Ulipanda naye kitandani, ulinyanyuka naye alfajiri, na akipanda ngazi mbili tatu alihema kama aliyebeba gunia.

Ndipo shemeji yake alipokuja dukani, mtoto mchanga mgongoni, simu yake imetumbukia kwenye maji ya kufulia.

"Shem, wewe ndiye mjuaji wetu," akasema. "Nimesoma maoni mpaka kichwa kinauma, huyu anasifu, huyu anaponda. Nimeona bora niulize mtu wangu. Hiyo yako ikoje? Niambie ukweli."

Sidanganyiki akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amelala mdomo wazi. Akahisi kile kitu kifuani kikijiinua kidogo, kama msikilizaji anayesogeza kiti.

"Nzuri sana," akasema. "Sina la kusema ila nunua."

Aliyasikia maneno yake yalivyofanana na yale ya wale mamia. Aliyasikia vizuri kabisa, wala hakuyarudisha. Shemeji akashukuru, akaenda zake, na jioni ile akatuma ujumbe kwenye ile simu ya zamani ya Sidanganyiki kwamba ameipata, ya rangi ya bluu. Sidanganyiki alikuwa bado anausoma ule ujumbe pale kifua kilipomfunguka. Akavuta pumzi hadi chini tumboni, akalia kwa raha yake, akala, akalala. Kesho yake aliitoa simu kabatini akaielekeza kila pembe ya duka, hakuna kisanduku. Akaingia mtandaoni na yeye, akaandika sifa zake pamoja na wenzake. Nafsi ilipomuuliza, aliijibu kwamba ni bahati tu, na maradhi huja na kuondoka.

Mkewe ndiye aliyemletea habari, baada ya kwenda kumtembelea mdogo wake.

"Mtoto hanyonyi," akasema akivua viatu. "Anamwangalia mtu begani kwa mama yake, na begani hakuna mtu. Anacheka, halafu anapiga yowe. Na ile nyumba sijui wanachoma nini, inanuka nywele."

Sidanganyiki akakaa kwenye sakafu pale pale alipokuwa. Mkewe alipotoka kuoga, alimkuta anamtafuta yule mtu mmoja aliyeandika niulize kwa nini. Akamwachia namba yake na neno moja tu: "Nauliza." Simu ikaita hata kabla hajaiweka chini.

"Umemsifia nani hiyo simu?" Ndiyo salamu aliyopewa. Ilikuwa sauti ya mwanamume wa makamo, ya chini, kama anayeongea chumba cha wagonjwa.

"Shemeji yangu."

"Akanunua?"

"Akanunua."

"Basi kwako kimetoka, kiko kwake. Hilo ni jini, ndugu yangu, wala usijidanganye kwa majina mengine. Ukiichoma simu, linabaki kifuani. Ukiiuza au ukiitupa, linabaki. Linahama kwa sifa tu. Umsifie mtu, akuamini, anunue. Wale wote uliosoma maoni yao waliona ulichokiona."

"Na mtu asiposifia mwenzake?" Sidanganyiki akauliza.

"Mimi nilimsifia kaka yangu," yule mtu akasema. "Kaka hakuwa mtu wa kusema uongo. Nilimpigia magoti anisifie linirudie, akaniambia hawezi kukisifu kitu kibaya. Tulimzika kabla mwaka haujaisha."

Ukweli wote Sidanganyiki alimwambia mkewe usiku huo huo, ameinama, akiongea na magoti yake. Mkewe hakupiga kelele. Alivaa kitambaa chake kichwani, akakivua, akakivaa tena.

"Mtoto mchanga," akasema. "Ulimwona mtoto mgongoni, bado ukasifu?"

"Nilimwona."

Kulipopambazuka walikuwa mlangoni kwa shemeji. Njia nzima Sidanganyiki alijipanga: atakiri, atamwomba amsifie, atakimbia dukani akanunue nyingine, jini limrudie yeye mwenye nalo. Aliogopa, lakini kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi alijiona anafanana na mtu.

Shemeji aliwafungulia, mtoto yuko kifuani ananyonya kwa pupa. Nyumba haikuwa na harufu yoyote. Sidanganyiki akapiga magoti hapo hapo, akakiri yote, neno kwa neno. Alipoinua uso alitegemea makofi au matusi, akamkuta shemeji anaangalia ukuta.

"Mtoto hajambo, shem," akasema. "Tangu jana jioni."

"Limetoka lenyewe?" dada yake akauliza kwa kunong'ona.

"Mama aliniuliza simu yangu ikoje." Machozi yakaanza kumdondoka juu ya kichwa cha mtoto. "Nilikuwa namwona mwanangu anakauka. Sikujua kama linahama, nilichojua ni kwamba sitaki mtu ajue. Ningemwambia nani? Wewe, shem? Ungesema sijui kutumia simu. Ungenicheka mwaka mzima."

Kweli Sidanganyiki angemcheka.

Mama mkwe wake alikuwa akiuza mboga sokoni, kwenye meza ya pembeni. Walimkuta amekaa, yeye ambaye siku zote huuza amesimama, kiganja kimoja kifuani. Simu mpya ilikuwa mbele yake kati ya mafungu ya mboga, na muuza nyanya wa meza ya pili alikuwa anaigeuzageuza.

"Inapendeza, dada. Na mimi ninunue kama hii?"

"Usinunue," mama mkwe akasema. Sauti ilikuwa imebaki nusu. "Ni mbaya."

Muuza nyanya akairudisha, akaenda kwenye meza yake. Sidanganyiki akapiga magoti kwenye matope ya soko, suruali yake iliyonyooshwa na yeye mwenyewe, watu wakitazama.

"Mama, nisifie hiyo simu. Sema ni nzuri tu. Mimi nitaenda kununua nyingine sasa hivi."

Mama mkwe alimwangalia muda mrefu, akamwangalia na binti yake mdogo aliyesimama nyuma na mtoto.

"Baba, ulipomwambia mwanangu anunue, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Na wewe, mama, uliponiambia mimi?" akamgeukia binti yake.

Binti alimfunika mtoto uso kwa khanga, kana kwamba ndiye aliyeulizwa.

"Sema tu, mama," mkewe Sidanganyiki akaomba akilia. "Neno moja. Kwa ajili yetu."

Akajaribu. Wote walimwona akijaribu, kwa kuwa aliwapenda. Akaishika simu kwa mikono miwili, akavuta pumzi fupi iliyokwama njiani, akafungua mdomo. "Ni..." akasema. "Hii simu ni..." Akaitazama, akawatazama, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayeomba radhi. "Ni mbaya, wanangu."

Mteja akafika, mwanamke mwenye kikapu, akainama kuchagua.

"Mama, hizi mboga za leo?"

"Za jana hizo," mama mkwe akasema. "Chukua za upande huu."

Akanyoosha mkono ampe fungu, mkono ukaishia njiani, na ni Sidanganyiki aliyelipokea akamkabidhi mteja, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, pale chini kwenye magoti, hana pa kuyaweka macho yake.