Mashua ya Kumbeba Mama

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kelele zake, fundi nguo hunywa chai na mama yake kwenye kibaraza cha nyuma. Ukikaa pale unaliona ziwa katikati ya mapaa mawili, kipande chembamba kama utepe. Mama hukitazama kipande hicho mpaka chai inapoa.

"Baba yako alikuwa ananivusha kwa tanga," alisema asubuhi moja. "Mimi navua kandambili, naziweka mapajani zisilowe. Yeye ananicheka."

"Nakumbuka, mama. Mashua ndefuuu! Mlingoti unagusa mawingu."

Mama alimtazama, akataka kusema neno, akaliacha. Kisha akajishika magoti. "Ningependa kupanda tena, hata mara moja. Kabla hizi bawaba hazijashika kutu kabisa."

Maneno hayo yalimkaa fundi moyoni. Siku hiyo alipiga pasi huku anawaza mashua, akaunguza kola ya mteja.

Yeye mwenyewe hakuwahi kushika usukani. Utotoni alikuwa abiria tu, na baba alifariki kabla hajamfundisha. Lakini Jumamosi alifunga duka, akaenda ufukweni, mahali wanapouza mashua zilizotumika. Mara akaiona moja. Nyeupe, ndefu, nyembamba, ina matanga mawili na mlingoti mrefu. Moyo ukamruka. Ni ile ile ya baba!

Kando yake palikuwa na nyingine, fupi na nene, pua butu, tanga moja lenye kiraka. Hiyo hakuitazama mara mbili.

"Jirani, umepotea njia? Cherehani iko kule!"

Alikuwa Bibi Gundi, jirani yake anayeziba mashua zilizotoboka. Wanamwita hivyo kwa sababu mikono yake haikosi gundi, hata akija kukupa pole ya msiba.

"Nataka mashua," fundi akasema. "Naichukua hii nyeupe."

"Umewahi kuendesha?"

"Nitajifunza humo humo. Watoto wa shule si nawashonea sare kubwa, wakue nazo?"

Bibi Gundi alicheka mpaka akakaa chini. "Sare ikikupwaya unakunja mikono. Mashua ikikupwaya utakunja nini? Na utampakia nani?"

"Mama."

Kicheko kikakatika. "Umempima?"

"Nimpime nini tena?"

"Wewe hukati kitambaa kabla hujampima mtu. Haya, na magoti yale, mama atapandia wapi? Atakaa wapi? Huu mti wa chini wa tanga ukihama upande mmoja kwenda mwingine, ataweza kuinama haraka? Sikiliza, jirani. Ukimtisha siku ya kwanza, hatapanda tena maisha yake yote."

Fundi akautazama ukingo wa ile nyeupe.

"Usinunue kwa macho," Bibi Gundi akaendelea. "Mwombe mwenye mashua tuijaribu. Na ulete lile gunia lako la vipande vya nguo. Leo ndilo mama yako."

Mwenye mashua alikubali, fundi akaenda kulileta gunia, wakaliketisha katikati. Wakavaa majaketi ya kuokolea maisha, wakaingia mahali maji yanapofika kiunoni. Fundi alikanyaga ukingo, mashua ikainama kama inataka kumsalimia. Walipoanza kwenda, upepo ukavuma kidogo tu. Mashua ikalala upande. Fundi akaogopa, akaivuta kamba ya tanga kwa nguvu, na hapo ndipo alipokosea. Wote wakaingia majini.

Bibi Gundi aliibuka wa kwanza. "Pole, jirani. Mama yako ameloa."

Fundi hakucheka. Gunia lilikuwa linazama polepole, na mdomoni mwake kilichungulia kipande cha gauni la mama yake. Alilirukia akalikumbatia, huku meno yanagongana.

"Sasa jaribu hili beseni," akasema Bibi Gundi, akionyesha ile fupi.

Fundi akakanyaga ukingo. Mashua haikutikisika sana.

"Ni pana, ndiyo maana imetulia. Tanga ni moja, kamba moja, akili yako haigawanyiki. Ukizidiwa, legeza kamba, tanga linamwaga upepo. Upepo ukiongezeka, unalikunja tanga liwe dogo. Mti wake uko juu, haumpigi mama kichwani. Na chini ya viti mna masanduku ya hewa yaliyozibwa, hata ikipinduka haizami."

"Lakini siyo kama ya baba," fundi akanung'unika.

Alirudi nyumbani analowesha njia nzima. Akamweleza mama yote. Mama akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, ya baba yako ilikuwa hivyo hivyo. Fupi, nene. Watu waliiita Beseni, na yeye anajibu, 'Naam!' Wewe ndiye ulikuwa mdogo, kila kitu ukakiona kirefu. Hata baba yako. Yule mtu hakunipita mimi kimo!"

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ulivyokuwa unaikumbuka kwa raha, niliona vibaya kuifupisha."

Basi fundi akainunua ile nene. Hakumpakia mama upesi. Kwanza alijifunza na Bibi Gundi karibu na ufukwe, siku za upepo mdogo. Alijifunza kuigeuza mashua na kuisimamisha. Aliipindua makusudi, akaiinua, akapanda tena, mpaka akaacha kuogopa. Gunia, maskini, lilikwenda kila safari.

Siku moja Bibi Gundi alimkuta analipunguza jaketi la mama kwa sindano.

"Weka chini! Hilo halishonwi, utaliharibu. Mama anatafutiwa linalomtosha, na mikanda yote inafungwa."

Hatimaye ikaja asubuhi tulivu. Fundi alimwambia Bibi Gundi wanakokwenda na saa ya kurudi. Akaisogeza mashua mahali maji ni machache, akamwekea mama kigoda cha kukanyaga. Mama akapanda bila kushikiliwa, akaketi katikati.

"Hili jaketi linanifanya nionekane mjamzito."

"Basi hongera, mama."

Tanga likajaa. Fundi alikaza macho kwenye kamba, jasho linamtoka. Ufukwe ukaanza kurudi nyuma. Kati ya mapaa mawili kikaonekana kibaraza chao, kidogo kama kifungo cha shati. Alitaka kumwonyesha mama, akageuka.

Mama alikuwa ameinama. Alivua kandambili moja, akavua na ya pili, akazipangusa, akaziweka mapajani.

"Taratibu," akasema, anatazama mbele. "Zisilowe."

Fundi akacheka, kisha akalegeza kamba kidogo.