Kinanda Kilichojaa Sauti

Siku kumi kabla ya Krismasi, katika miaka ile ya taa za karabai na barua za kuletwa kwa baiskeli, Chiriku aliamka bila sauti. Alikuwa na umri wa miaka tisa, na jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Asubuhi hiyo alifungua kinywa amwamkie mama yake, kikatoka kipumzi kikavu, kama upepo unaopita chini ya mlango.

"Umelala dirisha wazi," mama yake akamwambia. Akampa maji ya moto yenye asali, akarudi kwenye cherehani. Alikuwa mshonaji, na majoho kumi na mawili ya kwaya yalikuwa yanamngoja.

Siku ya tatu daktari alimulika koo la mtoto, akakuna kichwa. "Koo zima, mama. Hata wekundu hakuna."

Kufikia hapo fundi viatu, mwenye sauti nzito kuliko wote kwenye kwaya, naye alikuwa anaongea kwa mikono. Wakafuata wauguzi wawili, ndugu wa tumbo moja. Baada ya wiki waimbaji sita, Chiriku akiwemo, walikuwa mabubu. Watu walisema ni mafua. Mshonaji alihesabu kimoyomoyo: wote sita walizoea kusimama karibu na kinanda, kile ambacho mumewe, mwalimu wa kwaya, alikinunua kwa mjane mmoja akakiweka sebuleni kwao, mahali pa mazoezi. Kilikanyagwa kwa miguu ili kivute pumzi, na kila kilipovuta, sebule ilinuka udongo uliotoka kuchimbwa.

Jioni moja alikwenda sebuleni kuwapima waimbaji majoho, akasimama mlangoni. Mbele yake walikuwa watu sita tu, lakini wimbo uliokuwa ukitoka mle ndani ulikuwa mpana kuliko ule wa watu kumi na wawili, na katika wimbo ule alimsikia fundi viatu aliyekuwa amelala kwake barabara ya pili, akawasikia wauguzi wawili wakipokezana, na juu kabisa, ndani ya mbao, akasikia kisauti chenye kithembe kikitamka "s" kama "th", kithembe alichokijua tangu mwanawe alipoota meno, na joho likamponyoka mkononi.

Mumewe alikuwa anapiga kinanda huku machozi ya furaha yakimtiririka.

Waimbaji walipoondoka, mshonaji akafunga mlango.

"Baba Chiriku, uliambiwa nini na yule mjane?"

"Aliniambia..." Mwalimu akashusha sauti, akitazama kinanda kama mtu anayesikilizwa. "Aliniambia nikipige tu, nisikiombe kitu."

"Ukaomba."

"Miaka kumi na minne kwaya yangu inachekwa, Mama Chiriku! Nilisema, chukua utakacho, utupe uzuri. Ni maneno tu, nilijua?"

"Mtoto alipokosa sauti, hukujua?"

Mwalimu akashusha kifuniko cha kinanda.

Mshonaji alimwendea mkunga, mwanamke mkavu wa maneno ambaye watu walimwita pia majini yalipowazidi. Mkunga alifika mkesha wa Krismasi, jua bado liko juu. Akanusa hewa, akavua viatu.

"Jini haibi, hupewa," akasema. "Aliyempa ndiye atakayemnyang'anya. Na lazima iwe kabla ya jua kuzama leo, la sivyo kesho sauti hizi zitakuwa mali yake."

Mwalimu akatazama kinanda, akatazama mikono yake. "Haiwezekani baada ya kesho asubuhi? Ibada moja tu."

Mshonaji alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Kisha akaliona shoka la kuni penye meko, akalichukua. "Usiposema, nitavunja kinanda na mikono yako humo humo."

Ndipo pedali zikaanza kwenda zenyewe, polepole, juu, chini, na harufu ya udongo ikajaa hadi wakakohoa, na ndani ya mbao kisauti kile cha kithembe kikaita, "Baba, uthinitoe, humu thiko peke yangu," na Chiriku, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akaziba masikio yake mwenyewe, akilia bila mlio.

Mwalimu akaanguka magoti. "Narudisha ombi langu! Siutaki uzuri wako!"

"Thitoki mikono mitupu," kisauti kikajibu.

"Chukua sauti yangu."

Mbao zikapasuka. Pumzi kubwa ikapita sebuleni, ikazima moto jikoni, na Chiriku akapiga ukelele, "Mama!" hadi majirani wakatoka nje. Barabara ya pili fundi viatu alisikika akitukana kwa furaha. Mkunga alikichoma kinanda uani kipande kwa kipande, asiondoke hadi majivu yalipopoa.

Siku ya Krismasi kwaya iliimba bila kinanda. Fundi viatu alipotea njia ubeti wa pili, watu wakacheka huku wakilia. Mwalimu aliongoza kwa mikono tu.

Nyumbani, mezani, alimgeukia mkewe, midomo ikaenda taratibu, silabi kwa silabi.

"Mama, baba anathema umthamehe," Chiriku akasema.

"Nimeona anachosema."

Akampakulia mumewe chakula, akamwekea mbele yake kwa mikono miwili. Sauti ya mshonaji ilikuwa nzima kabisa, lakini hakumjibu.