Bolti Zenye Matundu

Mkono wa Sikiza ulishuka juu ya pikipiki, ukagusa kichwa cha bolti, ukakizungusha kidogo na kuacha. Roboti huyo hakubahatisha. Alipeleka wimbi la sauti ndani ya chuma na kulisikiliza likirudi, kwa kuwa bolti ikikazwa hurefuka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na wimbi huchelewa. Kuchelewa huko ndiko kulikomwambia kwamba imetosha.

Injinia Tusekile Mwasomola alikuwa amefanya kazi naye miaka sita katika karakana ya mitambo ya kale jijini Mbeya, na bado hakuchoka kumtazama. Mwaka huo, 2094, watu wengi walikuwa hawajawahi kushika spana. Magari yalielea kimya juu ya barabara za sumaku, na vipande vyake viliunganishwa kwa gundi iliyokomaa kama mfupa.

Pikipiki ile ya petroli ilikuwa ya Bi Subilaga, mkunga mstaafu wa miaka themanini na tatu. Ujanani aliitumia kuwafikia wajawazito kwenye miteremko ya Rungwe. Sasa alitaka kushuka nayo hadi Tukuyu, walau mara moja.

Siku ya majaribio Tusekile aliiendesha mwenyewe. Injini ilinguruma, naye akacheka peke yake kama mtoto. Kilomita ya nane mnyororo uliruka, gurudumu la nyuma likakwama, akateleza hadi majanini. Aliporudi akichechemea, aliona bolti mbili za gia ya nyuma hazipo.

"Nilizikaza sawasawa," alisema Sikiza. "Nimepitia vipimo vyangu vyote. Sioni kosa."

Mchana Bi Subilaga alifika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

"Goti tu."

Bibi aliinama kwenye gurudumu, akapapasa. "Bolti zangu ziko wapi? Zile zenye matundu."

"Niliziondoa," alijibu Sikiza. "Vichwa vyake vilikuwa na kasoro, nikaweka mpya."

"Kasoro? Nilizitoboa mimi, kwa mkono, moja moja."

Tusekile alileta sinia la vyuma vikuukuu. Bi Subilaga akachagua bolti mbili, akazifunga kwenye gia, akapitisha waya mwembamba kwenye tundu la kwanza, akausokota, akauingiza kwenye la pili.

"Injini hii inatetemeka siku nzima," alisema. "Ukaze uwezavyo, mtetemo utailegeza bolti. Lakini tazama: hii ikitaka kufunguka, waya unaivuta mwenzake ikaze zaidi. Zinashikana."

Sikiza alisogeza jicho lake karibu. "Magari ninayoyajua hayatetemeki," alisema. "Sikufundishwa hili. Wewe ulifundishwa na nani?"

Bibi aliuachia waya.

"Tulikuwa na dereva zahanati, Ambilikile. Siku moja mama mmoja alikuwa anavuja damu, nikamtuma Ambilikile Tukuyu kwa pikipiki hii akalete damu ya kumwongezea. Akirudi, nati ya gurudumu la nyuma ilifunguka kwenye kona. Alikufa pale pale. Damu ilipoletwa na mtu kwa miguu, mama yule naye alikuwa ameshafariki. Nati yenyewe ilikuwa imekazwa vizuri, nilimwona akiikaza. Wiki iliyofuata nikaazima drili."

 Sikiza akaomba waya.

Ilimchukua saa tatu. Vidole vyake vya chuma vilisokota waya kwa usawa ambao Bi Subilaga hakuwahi kuuona, naye akawa anatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Yaani huyu angekuwepo enzi zetu," alisema. Tusekile alipita nyuma akivuta kila waya kwa koleo, kama alivyoelekezwa.

Kesho yake bibi alimkabidhi Tusekile ufunguo. "Macho yangu hayatoshi. Endesha, nikae nyuma."

Walishuka polepole kati ya mashamba ya chai, ngurumo ikiwatoa watu milangoni. Kwenye kona kali alipofia Ambilikile, Bi Subilaga alimgonga begani, wakasimama. Alishuka, akapiga goti kwa shida kando ya gurudumu la nyuma, akaishika nati, ambayo sasa ilifungwa waya. Ilikuwa ya moto kidogo. Akajaribu kuizungusha kwa vidole vyake vyote.

"Haijasogea," alisema.

Tusekile alizima injini. Bibi aliendelea kuishika.