Ukimya wa Nyumba ya Kina Paluku

Mchana ule Ummukulthum alikuwa na njaa tu, hana jingine. Alipita Edgware Road akanunua mkate wa nyama, akapanda nao ghorofani kwenye redio ndogo ya Kiswahili alikokuwa mhariri wa ripoti. Nje, mvua ya London ilikuwa ikijivutavuta kama kawaida yake.

Mezani palikuwa na kanda kutoka Ituri, Kongo, iliyotumwa na mwandishi wao, Paluku. Habari njema, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi: makundi yenye silaha yametia saini, soko limefunguliwa, waliokimbia wanarudi. Mwishoni Paluku alirekodi ukimya. Ndiyo kazi ya redio ilivyo: ukimaliza mahojiano, unarekodi mahali palivyo bila mtu kusema, ili mhariri apate cha kuzibia pale alipokata.

"Ukimya wa nyumba yetu," Paluku alisema kwenye kanda. Kisha akanyamaza.

Ummukulthum alisikiliza huku akitafuna. Upepo. Bati linagonga. Halafu mwanamke mzee akanong'ona, karibu kabisa na kipaza sauti.

"Paluku, usirudi. Bado wamo ndani."

Akaacha kutafuna. Akarudisha kanda. Sauti ilikuwepo vilevile.

Akampigia Paluku kwenye simu yake ya setilaiti. Alipokea akicheka, akasema kesho yake anahama kutoka mjini na familia, wanarudi kijijini kwao.

"Kaka, uliporekodi ule ukimya ulikuwa na nani?"

"Miye peke yangu, dada. Ile ni nyumba ya mama. Balimuua mulemule, mwaka jana."

Sasa, Ummukulthum alilelewa na mama wa Kipemba, aliyekimbilia London baada ya Mapinduzi. Kwao habari mbaya haibwagwi simuni. Mtu huulizwa hali, hupozwa, huanzwa na lile lililo jepesi. Na adabu hiyo, Mungu amsamehe, ndiyo aliyoishika.

"Nimesikia sauti ya mama mtu mzima," akasema taratibu. "Anakuita jina lako."

Paluku akaanza kulia. "Mama ananiita nyumbani," akanong'ona.

"Anakuita, kaka, lakini..."

Simu ikakatika.

Alipiga tena. Alipiga mpaka kidole kikamuuma, na Paluku hakupatikana. Muhiddin, mkuu wao wa kazi, aliusikiliza ule ukimya akasikia upepo na bati, basi. "Umechoka, mwanangu," alimwambia kwa huruma. "Hebu nenda kapumzike." Ripoti ya amani ikaenda hewani.

Habari zilikuja keshokutwa yake. Paluku aliwatangulia mkewe na watoto, mbio, akisema mama anamngoja. Aliusukuma mlango. Waliokuwa ndani hawakumpa hata nafasi ya kupiga kelele. Mke na watoto walikimbilia migombani, wakapona.

Ummukulthum alilia mpaka sauti ikamkauka. Neno lilikuwa moja tu, usirudi, na alikuwa nalo mdomoni. Angelianza na hilo, yule mtu angelikuwa hai, anawapigia watoto wake kelele za bure. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Aliporudi kazini alifungua kabati akaitoa ile kanda. Alitaka kumsikia tena yule mama, amwombe radhi. Muhiddin alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, hakuwa na moyo wa kumkataza.

Upepo. Bati. Yule mama hakuwepo.

Badala yake zikaja pumzi. Za mtu aliyetoka mbio. Muhiddin akakiweka kikombe chini. Safari hii na yeye alisikia. Zilisogea. Zikatulia karibu na kipaza sauti.

"Dada," Paluku akanong'ona. "Lakini nini?"