Punda Aliyeamkiwa

Kila likizo Kasaine alirudi kutoka shule ya bweni akiwa na Kiingereza kingi na bidii kidogo. Asubuhi aliwatoa ndama zizini. Mchana aliwahutubia kuhusu ustaarabu. Ndama, kwa adabu yao, hawakumbishia.

Siku moja motokaa ilisimama mbele ya boma lao, juu ya Ngaramtoni. Walishuka Bwana na Bibi Harding, wageni kutoka Uingereza waliofikia hotelini mjini Arusha. Walitaka kuona maisha ya Waarusha. Koko Nashipae, bibi yake Kasaine, aliingia ndani kuwaandalia maziwa, akamwachia mjukuu ukalimani.

"Wazee wenu huamkiwaje?" Bibi Harding aliuliza.

Kwa desturi, mdogo humwinamishia mzee kichwa, naye mzee humwekea mkono utosini. Jambo rahisi. Lakini Kasaine alikohoa kama mchungaji madhabahuni, akamwonyesha punda aliyefungwa mtini.

"Huyu ndiye mkubwa wa boma. Mwinamieni kwanza."

Wageni wakavua kofia, wakamwinamia punda. Punda akatikisa masikio. Watoto wa boma wakaanguka kwa kicheko.

"Kasaine, utalaaniwa wewe!" alisema Namnyaki, dada yake mdogo, huku akijifuta machozi ya kucheka.

Koko akatoka na kibuyu cha maziwa. Bibi Harding alimtazama punda, akawatazama watoto, uso ukamwiva. Alielewa. Hakuonja maziwa. Motokaa ikaondoka, na koko akabaki amesimama na kibuyu chake kimejaa.

"Nimewakosea nini?" aliuliza.

Namnyaki ndiye aliyesema yote.

Jioni Kasaine akamwinamishia koko kichwa kama kawaida. Alingoja. Mkono haukuja.

"Kamwamkie mkubwa wa boma," koko akasema, akapita.

Usiku huo ugali haukushuka. Asubuhi aliinama tena, na koko akapita tena. Hata punda alimtazama kama mwalimu wa zamu. Kasaine hakungoja chai. Alishuka kwa miguu mpaka mjini, akawakuta wageni barazani pa hoteli.

"Niliwadanganya," alisema, na hotuba aliyoitunga njiani ikamwishia hapo. "Koko hakujua. Anadhani amewakosea yeye."

Bibi Harding akasema, "Niliinama kwa moyo wote, kijana."

Maneno hayo yalimchapa kuliko fimbo ya shuleni. Machozi yakamtoka, wala hayakuwa ya kicheko.

"Haya, ingia motokaani," mama yule akasema. "Utanifundisha upya."

Bomani, Bibi Harding alimwinamia koko. Mkono wa koko ukatua utosini pake, taratibu. Kisha maziwa yakanywewa, na kibuyu kikarudi kitupu.

Koko akamgeukia mjukuu wake. "Mgeni akikuuliza desturi, ameazima macho yako ili aone. Ukimpeleka shimoni, haanguki peke yake. Mimi pia nilianguka, na kibuyu mkononi. Elimu yako iwe ya kuwaongoza watu, si ya kuwacheka. Umesikia?"

"Nimesikia, koko."

"Basi lete hicho kichwa."